JOHN RUGANDA: MWALIMU WA JUKWAA LA KWELI

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hivyo ndivyo walivyotuachia wahenga wetu. Ila hawakutuambia kama huyo msema kweli atapendwa pia na wenye vyeo na wenye bunduki.

 Mwaka huu nimeshika kalamu nikuletee maisha ya mtu aliyeijua vyema tofauti hiyo. Jina lake ni John Ruganda, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa maigizo, aliyezaliwa Uganda mwaka 1941 na kuaga dunia mwaka 2007.

Najua kuna watakaouliza: kwani huyo Ruganda si aliandika kwa Kiingereza? Anatafuta nini kwenye gazeti la Kiswahili? Swali ni zuri na nitalijibu kwa kukukumbusha ugomvi wetu wenyewe. Muhula wa kwanza Chama chetu cha Kiswahili kiligawanyika pande mbili juu ya mchezo wa kuigiza wa mwaka huu. Upande mmoja ulitaka mchezo wa kupokea wageni, wenye nyimbo na sifa tele, watu wapige makofi waende zao wakanywe chai. Upande wa pili ulitaka mchezo kuhusu pesa za basari zinazoliwa na wakubwa huku wanafunzi wakirudishwa nyumbani kutafuta karo. Wa kwanza wakawaita wenzao wachochezi. Wa pili nao wakawaita wenzao waoga. Siku mbili tatu hivi watu wakawa hawasalimiani, jameni! Ni wakati huo mwalimu mmoja aliponitia mkononi kitabu kilichochakaa, jalada limetoka, akaniambia nikisome kisha nitafute habari za aliyekiandika. Kitabu chenyewe kilikuwa The Burdens, yaani Mizigo.

MTOTO WA FORT PORTAL

Ruganda alizaliwa Fort Portal, mji mkuu wa Tooro, magharibi mwa Uganda, mahali ambapo siku isiyo na mawingu mtu huiona milima ya Ruwenzori. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja Uganda ilipopata uhuru wake tarehe 9 Oktoba 1962. Hebu fikiria umri huo! Ndio umri wa mtu kuamini kwamba kila kitu kitakuwa kizuri. Bendera mpya, wimbo mpya, mawaziri weusi ndani ya magari meusi. Rika la Ruganda liliahidiwa mengi, na baadaye ndilo lililohesabu ahadi moja moja kuona ni ngapi zilizotimizwa.

Alisomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Siku hizo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa matawi ya chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kutoka 1963 hadi 1970. Mkenya, Mtanzania na Mganda walikula meza moja, wakabishana meza hiyo hiyo.

JUKWAA LISILO NA TIKITI

Mwaka 1965 kulianzishwa jambo la ajabu pale Makerere. Wanafunzi wa chuo pamoja na walimu wao, akiwemo Mwingereza David Cook, waliunda kundi la maigizo la kusafiri. Wakati wa likizo ndefu, wenzao wakienda nyumbani kupumzika, wao walifunga mizigo na kushika njia. Walizunguka Uganda, wakavuka mpaka wakaingia hata Kenya, wakicheza kwenye kumbi za shule, viwanja na popote palipokusanyika watu. Kiingilio kilikuwa bure kabisa, ndiyo sababu kundi likaitwa la bure. Hawakucheza kwa Kiingereza pekee. Walicheza kwa lugha kadhaa za wenyeji, na Kiswahili kilikuwamo.

Tuyafikirie haya mambo kidogo. Mwanachuo wa wakati ule alikuwa mtu mkubwa sana. Alivaa joho, alipewa posho, na kazi nzuri ilimngojea. Lakini hapa anasimama mbele ya mama muuza ndizi, hana pazia, hana taa za rangi, wala hana mahali pa kujificha. Mama yule asipoelewa, ataondoka. Akichoka, ataondoka. Hawezi kudanganywa kwa maneno makubwa. Hiyo ndiyo shule aliyopitia Ruganda na wenzake wa kizazi kile. Walijifunza kwamba mchezo ni mtu na sauti yake, na kwamba hadhira ya kijijini si wajinga wa kuhubiriwa.

MIZIGO YA NYUMBA MOJA

Tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin alipindua serikali ya Milton Obote. Watu wengi Kampala waliimba na kucheza barabarani. Nyimbo hazikudumu. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, akiwapa siku 90 tu wawe wamekwisha kuondoka. Mwaka huo huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa akiwa mahakamani kwake, na mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, akachukuliwa pia. Wote wawili hawakurudi tena. Ikiwa jaji mkuu na mkuu wa chuo wanaweza kutoweka hivyo, mwandishi wa michezo ni nani?

Ni katika mwaka huo wa 1972 ambapo The Burdens ilichapishwa. Mtu angetazamia mchezo wenye majeshi, vifaru na rais mwenye medali kifua kizima. Hamna! Ruganda ametuonyesha nyumba moja ya kimaskini yenye watu wanne. Wamala ni baba, aliyekuwa waziri, akafungwa kwa siasa, na sasa ni mlevi asiye na senti. Tinka ni mama, anayehangaika ili watoto wapate chakula. Kaija ni kijana wao anayetamani kitanda, na Nyakake ni mtoto mgonjwa. Basi, ni hao tu. Hakuna rais. Hakuna askari.

Sasa angalia alivyofanya. Kitanda cha Kaija kimekuwa kama uhuru wenyewe. Kiliahidiwa zamani, pesa zake zikanyweka, na mtoto bado analala chini. Wamala naye ana mipango ya utajiri isiyoisha, mpaka anafikiria kuuza wazo la njiti za kibiriti zenye vichwa viwili. Unacheka, kisha kicheko kinakukwama kooni kwa sababu unamjua mtu wa namna hiyo. Kuna mahali mume na mke wanaanza kuigiza, Tinka akijifanya tajiri mkubwa na Wamala akienda kwake kuomba. Katika mchezo huo wa utani wanaambiana mambo wasiyoweza kuambiana wakiwa mume na mke. Mwishowe utani unageuka kuwa damu, na Tinka anamuua mumewe.

Mchezo huu uliwaudhi na kuwasumbua wengi. Mke kumuua mume jukwaani! Lakini anayeutazama vizuri hatoki akimlaani Tinka pekee. Anatoka akijiuliza ni nani aliyeitwika nyumba ile mizigo yote hiyo. Hapo ndipo Ruganda alipotaka tufike, na alitufikisha bila kumtaja mtawala hata mmoja.

Mchezo wake mwingine wa wakati huo, Black Mamba, ulichapishwa mwaka 1973. Huo nao ulichokoza jamii mahali pengine. Kuna mtumishi wa nyumbani, Berewa, anayemtoa mkewe Namuddu kwa tajiri wake, profesa wa Kizungu, ili wapate pesa. Watu wa heshima hawakupenda kuambiwa kwamba katika majumba makubwa ya mjini kuna biashara kama hiyo. Ruganda hakumwachilia profesa, wala hakumwachilia mume. Alionyesha jinsi umaskini unavyoweza kumfanya mtu auze hata kisichouzika.

MGENI NAIROBI

Mwaka 1973 Ruganda aliondoka Uganda akaja Kenya. Alikuwa mmoja wa wasomi wengi waliokimbia. Waliobaki walikuwa na bahati mbalimbali. Robert Serumaga alitunga michezo iliyotumia miili, ngoma na vilio kuliko maneno, maana mwimbaji wa kilio huwezi kumshtaki kwa sentensi aliyoisema. Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Kitaifa la Maigizo mjini Kampala, aliupeleka mchezo wake kwenye tamasha kuu la Waafrika mjini Lagos mwaka 1977. Aliporudi alikamatwa akauawa. Kwa hivyo tusidhani kwamba Ruganda alihama kwa kupenda ugenini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpokea katika idara ya fasihi. Idara hiyo ilikuwa moto wakati huo. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamedai idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na za wengine zifuate. Okot p'Bitek, Mganda mwingine aliyekuwa uhamishoni, alifundisha hapo pia. Katika mazingira hayo Ruganda akawa nguzo ya kundi la maigizo la kusafiri la wanafunzi wa Nairobi, mfano wa lile la Makerere. Likizo zikifika, wanachuo walitoka na michezo yao ya Kiingereza na ya Kiswahili, wakaenda mashuleni na vijijini.

Umeliona jibu la swali lako, msomaji? Mtu huyu aliandika kwa Kiingereza, naam, lakini kundi lake lilipokwenda kwa wananchi lilibeba Kiswahili pia. Alijua kwamba malalamiko yasiyoeleweka na mlalamikaji mwenyewe ni kelele tu.

Kufundisha wanafunzi kuigiza michezo ya namna hii si kazi rahisi. Mwanafunzi ana hasira, anataka kupaza sauti na kutaja majina. Mwalimu kazi yake ni kumwonyesha kwamba hasira si mchezo bado. Michezo ya Ruganda yenyewe ndiyo inayofundisha hivyo. Wahusika ni wachache, vifaa ni haba, chumba ni kimoja, na kila mhusika ana haki ya kujitetea, hata yule mbaya. Mwanafunzi anayecheza Wamala hana budi kumpenda Wamala kidogo, la sivyo hadhira haitamsadiki. Faida nyingine ni kwamba mchezo wa watu watatu wanne unaingia ndani ya matatu moja na kuchezwa popote.

Na Kenya nayo haikuwa pepo ya waigizaji. Mchezo wa kuonyeshwa hadharani ulihitaji kibali cha serikali. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi wa Ngugi na Micere Mugo, pamoja na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ilipewa siku chache tu katika Jumba la Kitaifa la Maigizo jijini Nairobi, ilhali ilikuwa imeteuliwa kuiwakilisha Kenya kule Lagos. Mwaka 1977 mchezo wa wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, ulipigwa marufuku, na tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngugi akakamatwa na kutiwa kizuizini mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ilikuwa zamu ya Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Kiswahili tunayojivunia hadi leo. Yeye pia aliwekwa kizuizini. Ruganda aliishi na kufundisha katikati ya hayo yote, tena akiwa mgeni asiye na kwao pa kurudi.

MAFURIKO YASIYOKUWAKO

Amin alianguka Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoiteka Kampala. Mwaka 1980 Ruganda akatoa The Floods, yaani Mafuriko. Wengi wanausema ndio mchezo wake bora.

Habari yake ni hii. Katika kisiwa kimoja, redio inatangaza kwamba mafuriko yanakuja, wananchi wapande mashua ya serikali waokolewe. Kumbe hakuna mafuriko yoyote. Mashua yenyewe ndiyo kaburi. Aliyepanga hila hiyo ni Bwogo, mkubwa wa shirika la ujasusi lililoitwa State Research Bureau, lile lililowatia Waganda hofu wakati wa Amin. Pamoja naye yuko Nankya, mwanamke msomi aliye karibu naye mno, na Kyeyune, mzee mvuvi. Mzee huyu anasimulia maiti aliyoivua ziwani badala ya samaki. Badala ya maonyesho, mwandishi ameugawa mchezo kwa mawimbi, na kila wimbi linapandisha maji hadi shingoni mwa Bwogo mwenyewe. Mtega watu mtego unamgeukia.

Linaloniuma mimi ni Nankya. Yeye si muuaji. Amesoma, anajua kila kitu, ana ulimi mkali. Lakini amekula meza moja na muuaji. Ruganda, aliyefundisha wasomi maisha yake yote, hakuwapaka wasomi mafuta kwa mgongo wa chupa. Alituuliza: wewe uliyesoma, ulikuwa wapi mashua ilipojaa?

KWELI KWA KICHEKO

Baada ya hapo alitoa Music Without Tears (1982) na Echoes of Silence (1986). Katika miaka hiyo ya 1980 alivuka bahari kwenda Kanada, katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, kwa masomo ya juu. Kitabu chake cha uhakiki, Telling the Truth Laughingly, kilichapishwa mwaka 1992. Unajua kilimhusu nani? Francis Imbuga, mwana wa Maragoli! Mganda aliketi akamchambua jirani yake Mkenya, kuona jinsi alivyosema kweli kwa kicheko bila kukatwa ulimi. Katika Betrayal in the City, kwa mfano, kijana Jusper anaonekana kama amerukwa na akili, na mwenda wazimu husamehewa maneno. Mlevi pia husamehewa. Anayeigiza ndani ya mchezo husamehewa. Nadhani Ruganda alipoandika juu ya Imbuga alikuwa anaandika pia juu yake mwenyewe, maana Tinka na Wamala walitumia njia hiyo hiyo.

Baadaye alifundisha Afrika Kusini katika chuo kikuu kilichoitwa wakati huo University of the North, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye ubaguzi wa rangi. Mwaka 2002 hadithi zake fupi zilitoka katika kitabu kiitwacho Igereka. Hatimaye alirudi kwao Uganda, na mwezi wa Desemba 2007 akafariki, umri wake ukiwa miaka sitini na sita. Imbuga alimfuata mwaka 2012.

SISI JE?

Msiseme hayo ni ya kale. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom wa shule ya wasichana ya Butere ulizuiwa, mpaka Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ilikuwa na Echoes of War. Mahakama iliamuru tena, lakini tarehe 10 Aprili kule Nakuru wasichana wale walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza, wakilalamika kwamba mwandishi wao amezuiliwa na vyombo vyao hawakuvipata. Polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana wa rika letu! Sote hapa Eldoret tulizungumza juu ya siku hiyo, mabwenini hadi mezani pa chakula.

Basi narudi kwenye ugomvi wetu. Nilipomaliza kusoma Ruganda nilitambua kwamba pande zote mbili za chama zilikuwa na kosa, na mimi nikiwemo, maana nilikuwa upande wa wachochezi. Wenzetu walidhani mchezo ukichokoza basi umekosa adabu. Sisi nasi tulidhani ukitaja mwizi kwa sauti kubwa tayari una mchezo. Rasimu yetu ilikuwa na mheshimiwa mwenye kitambi aliyepiga kelele kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwa mtu, alikuwa sanamu ya kurushiwa mawe. Na sanamu haimsumbui mtu yeyote, hata mwizi mwenyewe angekaa pale mbele akacheka nasi.

Tuliketi tena wiki iliyofuata. Tulimtoa mheshimiwa. Sasa mchezo una watu watatu na chumba kimoja cha kupanga, mfano wa vingi tunavyovijua hapa mjini. Kuna mama, binti aliyerudishwa nyumbani, na mjomba anayefanya kazi katika ofisi inayogawa basari. Mjomba si mbaya. Ameleta unga na sukari. Wanacheka, wanakunywa chai. Halafu binti anauliza jina lake lilikwenda wapi, na mjomba anaweka kikombe chini.

Hapo ndipo tumefika. Bado hatujakubaliana mjomba ajibu nini, na wale waliokuwa wakituita wachochezi ndio wenye mawazo mazuri zaidi siku hizi. Mazoezi ni kila Alhamisi baada ya masomo, ukumbini. Mwenye jibu la mjomba na aje.

Mola amlaze mahali pema mwalimu Ruganda. Kwaherini, tuonane jukwaani.